Kitasa cha kisasa hakiwezi kuokoa mlango mbovu

Siku hizi ukiingia katika maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo jijini Dar es Salaam, au katika miji mikubwa ya mikoani, utakuta vitasa ambavyo miaka ishirini iliyopita vilikuwa vitu vya benki na hoteli kubwa. Vipo vinavyofunguliwa kwa kubonyeza namba ya siri, vinavyosoma alama ya kidole, vya kadi, na vinavyofunguliwa kwa simu ya mkononi. Muuzaji atakuambia kwamba ukinunua hicho, habari ya kupoteza funguo na kuibiwa imekwisha. Wengine huviita vitasa janja.

Mkulima aliyevuna mahindi na kuyahifadhi akisubiri bei ipande, na mfanyabiashara mdogo aliyejaza duka kwa mkopo wa SACCOS, wanayo haki ya kujiuliza: je, niache kufuli langu la siku zote na kuweka fedha katika kitasa hiki kipya? Swali hili si dogo. Wizi wa usiku mmoja unaweza kuchukua mavuno ya msimu mzima, na marejesho ya mkopo hayasubiri upelelezi wa polisi ukamilike.

Nionavyo mimi, kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo walio wengi, fedha ya kwanza iende kwenye mlango wenyewe na kufuli zuri la kawaida. Kitasa cha kielektroniki kina mahali pake, na nitaeleza ni wapi, lakini kije baadaye na kije kwa sababu inayohesabika. Kukinunua kwa kuwa jirani amekinunua ni kupoteza mtaji.

Kufuli hununua muda

Jambo la kwanza ambalo muuzaji hasemi ni kwamba hakuna kufuli lisilofunguka. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi, achoke, apige kelele au aonekane.

Historia ya kazi hii inalithibitisha jambo hilo. Kufuli la Joseph Bramah, fundi wa Uingereza, liliwekwa katika dirisha la duka lake London tangu mwaka 1790, na zawadi ya gini 200 ikatangazwa kwa yeyote atakayeweza kulifungua bila ufunguo. Miaka zaidi ya 60 ilipita bila mshindi. Mwaka 1851 fundi wa Marekani, Alfred Charles Hobbs, alikwenda London wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, akalifungua baada ya kazi ya saa takriban 51 zilizogawanywa katika siku 16. Waingereza walishtuka. Hata hivyo, ukitazama vizuri utaona kwamba kufuli lile lilifanya kazi yake. Hakuna mwizi wa kijijini wala wa mjini atakayekaa saa 51 mlangoni pako.

Sasa tulinganishe na vifaa vya kisasa. Mwaka 2016, katika mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta uliofanyika Las Vegas, Marekani, watafiti Anthony Rose na Ben Ramsey walieleza kwamba walijaribu vitasa na makufuli 16 yanayofunguliwa kwa mawasiliano ya blutuzi ya simu, wakafanikiwa kufungua 12. Baadhi yake yalikuwa yakituma namba ya siri hewani bila kuificha, kiasi kwamba mwenye kifaa cha kunasa mawasiliano hayo aliweza kuisoma.

Mwaka 2018 likaja suala la kufuli la alama ya kidole liitwalo Tapplock, lililotengenezwa na kampuni ya Kanada. Watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba linaweza kufunguliwa kwa simu katika muda usiofika sekunde mbili. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, iliyokuwa imeilaumu kwa kuwaambia wateja kwamba kufuli lake ni salama na haliwezi kuvunjwa.

Sisemi kwamba vitasa vyote vya kielektroniki ni vibovu. Vipo vizuri, na watengenezaji wengi wamejirekebisha tangu wakati ule. Ninachosema ni kwamba neno "kisasa" lililoandikwa kwenye boksi halithibitishi kitu. Kifaa kipya nacho kipimwe kwa swali lile lile tunalolipimia kufuli la zamani: kitamchelewesha mwizi kwa muda gani?

Tuanze na mlango

Mwizi wa ghala au duka, mara nyingi, hana utaalamu wa kompyuta wala wa kufungua makufuli kwa waya. Anakuja na mtaimbo, mkasi mkubwa wa kukatia nondo, au msumeno wa chuma. Siku hizi kuna na grinda za betri. Mtu wa namna hiyo hajishughulishi na tundu la ufunguo. Anatafuta mahali palipo dhaifu zaidi, na mara nyingi hapo si kwenye kufuli.

Tembelea ghala lako leo mchana na ulitazame kama anavyolitazama mwizi. Je, komeo linaloshika kufuli limefungwa kwa skrubu fupi za mbao? Kama ndivyo, mtaimbo utaling'oa komeo pamoja na kufuli lake likiwa bado limefungwa. Dawa yake ni bolti zinazopenya mlango mzima, nati zikae upande wa ndani, au kwa mlango wa chuma, komeo lichomelewe kabisa. Je, bawaba ziko nje? Basi pini zake zaweza kugongwa zikatoka na mlango ukafunguliwa kwa upande wa pili. Mwambie fundi achomelee vichwa vya pini hizo. Je, fremu imeshikwa na ukuta kwa misumari miwili mitatu? Je, bati la paa linainuliwa kwa mkono? Je, dirisha la nyuma lina nondo, au lina wavu wa mbu tu?

Nimetaja mambo hayo kwa sababu kitasa cha alama ya kidole hakirekebishi hata moja. Ukikifunga kwenye mlango wa mbao laini unaovunjika kwa teke mbili, umemzawadia mwizi kitasa pamoja na mahindi.

Ipo na tofauti nyingine. Vitasa vingi vya kielektroniki vinavyoletwa sokoni vimebuniwa kwa milango ya mbao ya ndani ya nyumba yenye unene wa takriban sentimita nne. Milango ya maduka yetu mingi ni ya chuma, ya kukunja au ya geti, na ya maghala ni ya bati lililofungwa kwenye fremu ya bomba. Fundi atalazimika kukata na kuchomelea ili kitasa kiingie, na kila akikata anaupunguzia mlango nguvu.

Namna ya kuchagua kufuli

Baada ya mlango ndipo tuje kwenye kufuli. Hapa napo kuna utapeli mwingi, maana soko limejaa bidhaa bandia zenye majina yanayofanana na ya kampuni zinazojulikana. Yapo majaribio ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya dukani bila mtaalamu.

Kwanza, nenda na sumaku ndogo. Shaba ya njano haishikwi na sumaku. Kama kufuli linauzwa kuwa ni la shaba na sumaku inanata kwenye mwili wake, hilo ni chuma kilichopakwa rangi, na kwa wakazi wa pwani kitaliwa na chumvi mapema. Jaribio hili lifanye kwenye mwili wa kufuli tu, maana ule upinde wa juu unatakiwa kuwa wa chuma.

Pili, muombe muuzaji upitishe tupa kidogo kwenye ule upinde. Chuma kilichokomazwa huifanya tupa iteleze. Kama tupa inang'ata na kutoa unga kwa urahisi, msumeno nao utafanya hivyo hivyo usiku. Upinde mnene, na hasa ule uliofichwa na mabega ya kufuli kiasi kwamba mkasi hauwezi kuuzunguka, ni bora kuliko upinde mrefu na mwembamba.

Tatu, chukua makufuli mawili au matatu kutoka boksi moja, kisha jaribu ufunguo wa hili kwenye lile. Makufuli ya bei ya chini huwa na aina chache tu za meno ya funguo, hivyo si ajabu ufunguo wa jirani yako ukafungua duka lako. Likikubali, liache dukani.

Nne, tazama kama limeandikwa daraja. Kiwango cha Ulaya kinachojulikana kama EN 12320 hupanga makufuli katika madaraja 1 hadi 6, na 6 ndilo imara zaidi. Kufuli lililopimwa kwa kiwango hicho huandikwa daraja lake kwenye pakiti. Kwa ghala la mazao daraja la 3 au la 4 ni mwanzo mzuri. Pakiti isiyo na daraja haina maana kwamba kufuli ni bovu, lakini majaribio matatu ya kwanza yafanye kwa makini zaidi.

Ukishalinunua, litunze. Usilipake mafuta ya kupikia wala grisi ndani ya tundu, kwani hushika vumbi na kugeuka tope. Unga mweusi wa penseli ukipakwa kwenye ufunguo na kuzungushwa mara chache unatosha.

Mahali kitasa kipya kinapolipa

Baada ya kusema hayo, haki itendeke. Kufuli la kawaida lina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni ufunguo. Ufunguo hukopeshwa, husahaulika kaunta, na fundi wa kuchonga funguo kando ya barabara atatoa mwingine kwa dakika chache bila kuuliza ni wa nani. Mhudumu akiacha kazi, mwenye duka hajui ni nakala ngapi ziliondoka naye.

Hapo ndipo kitasa cha namba au cha kadi kina faida ya kweli. Mhudumu akiondoka unafuta namba yake, basi. Vitasa vingi vya aina hii hutunza kumbukumbu ya nani alifungua na saa ngapi. Kwa mwenye duka anayelala mbali na biashara yake, kumbukumbu hiyo inaweza kumaliza ubishi wa nani aliingia usiku, na ikamwokoa mhudumu mwaminifu asisingiziwe.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie kufuli zuri linauzwa Sh40,000, na duka lako hubadilisha wahudumu mara tatu kwa mwaka, na kila mmoja akiondoka unabadilisha kufuli kama inavyotakiwa. Kwa mwaka utatumia Sh120,000, kwa miaka miwili Sh240,000 na kwa miaka mitatu Sh360,000. Tuchukulie pia kitasa cha namba kinauzwa Sh250,000 pamoja na kukifunga, nacho hutumia betri nne za Sh2,000 kila moja, zinazobadilishwa mara mbili kwa mwaka, yaani Sh16,000. Kwa miaka miwili kitasa kitakuwa kimekugharimu Sh282,000, na kwa mitatu Sh298,000. Maana yake ni kwamba kitasa kinaanza kulipa katika mwaka wa tatu, ikiwa kitafika huko bila kuharibika.

Sasa chukua mkulima mwenye ghala moja na ufunguo mmoja unaokaa naye. Kufuli lile lile la Sh40,000 likitunzwa linaweza kumfikisha miaka mitano. Hana mhudumu wa kufuta namba, hana mpangaji wa kuhama. Kwake yeye Sh250,000 za kitasa ni bora zikanunue bolti, nondo za dirisha, saruji ya kuimarishia fremu na taa ya sola ya nje. Chenji inayobaki ipeleke kwenye dawa ya kuhifadhia nafaka, maana fukusi na dumuzi nao ni wezi, tena hawazuiwi na kufuli la aina yoyote.

Wenye gesti, na wenye nyumba za kupangisha wageni kwa siku chache kama zile za Zanzibar na Arusha, wako katika kundi la wanaofaidika. Kila mgeni apewe namba yake na ikome siku anayoondoka. Mwenye saluni au duka la dawa lenye wahudumu wa zamu naye yumo. Kigezo ni kimoja: idadi ya watu wanaoingia na wepesi wa kubadilika kwao.

Kasoro ambazo ni lazima uzijue

Hata kwa hao wanaofaidika, yapo mambo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni umeme. Vitasa vingi hutumia betri, kwa hiyo kukatika kwa umeme wa gridi, kama ulivyotusumbua Tanzania mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, hakufungi mlango moja kwa moja. Lakini betri nazo huisha, na betri za bei poa huisha bila taarifa au huvuja tindikali. Nunua kitasa ambacho pia kina tundu la ufunguo wa dharura, au sehemu ya nje ya kugusisha betri kwa muda ili kifunguke. Ufunguo huo wa dharura usiuweke ndani ya duka lile lile. Na tundu hilo likiwa la ubora wa chini, kitasa kizima kina ubora wa tundu hilo.

La pili ni intaneti. Namba ya siri na alama ya kidole kwa kawaida hufanya kazi bila intaneti. Kinachokatika ni uwezo wa kufungua au kufuatilia ukiwa mbali. Mei 2024 nyaya za baharini zilipopata hitilafu, mtandao ulidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usinunue kitasa ambacho hakifunguki kabisa bila mtandao.

La tatu ni vidole vyetu. Alama za vidole za mtu anayeshika jembe, zege au chokaa kila siku hufifia. Wengi wanakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, na jinsi baadhi ya wazee na watu wa kazi ngumu walivyopata taabu mashine isiwatambue. Mlango wa ghala nao hautamtambua mtu aliyetoka shambani na tope mkononi. Chagua chenye namba pia.

La nne ni mvua na vumbi. Tazama alama ya IP kwenye boksi. IP65 maana yake kifaa hakiingizi vumbi na kinahimili maji yanayorushwa kwa bomba. Kisicho na alama hiyo kikae ndani au chini ya kibaraza.

La tano, na ndilo kubwa, ni kampuni iliyo nyuma ya kitasa. Kufuli la kawaida halijui kama kiwanda chake kimefungwa, litaendelea kufunga na kufungua. Kitasa kinachotegemea kompyuta za kampuni hakina uhuru huo. Agosti 2017 kampuni ya LockState ya Marekani ilituma kwa njia ya mtandao maboresho yenye makosa, na vitasa takriban 500 vya wateja wake, wengi wao wenye nyumba za kupangisha wageni, vikaacha kufanya kazi kwa namba. Aprili 2022 kampuni nyingine ya huko huko, Insteon, iliyouza vifaa vya kuongozea taa na vyombo vya nyumbani, ilizima kompyuta zake bila kuwaaga wateja, na watu wakabaki na vifaa visivyoongozeka. Kama hayo yametokea Marekani ambako mteja ana pa kulalamika, mwenye duka wa Makambako au Kahama aliyenunua kitasa kisicho na jina wala wakala atamlilia nani?

Nani anashika ufunguo?

Wapo wanaodhani kwamba akili katika ulinzi inaletwa na umeme. La hasha. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo shirika la CARE lilivianzisha Niger mwaka 1991 na baadaye vikaenea hadi kwetu, vina utaratibu ambao akina mama wengi wa vijijini wanaufahamu. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu hushikwa na wanachama watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mpaka wote wakutane mbele ya kikundi.

Utaratibu huo hauhitaji betri, na umejibu swali ambalo vitasa vya gharama vinajaribu kulijibu, yaani nani alifungua na nani alikuwepo. Wakulima wanaohifadhi mazao pamoja katika ghala moja wanaweza kuuiga kesho asubuhi: komeo lenye matundu mawili, makufuli mawili, na funguo mbili kwa watu wa familia mbili tofauti. Daftari la kuandika siku na idadi ya magunia likikaa mlangoni, kumbukumbu yenu itakuwa imekamilika.

Aidha, tusisahau kwamba muda ulionunuliwa na kufuli hauna faida kama hakuna atakayesikia kelele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliosumbuliwa na wizi wa mifugo waliunda sungusungu kwa sababu ng'ombe hafungwi kufuli. Jirani anayeamka, mbwa anayebweka na taa inayowaka nje ni sehemu ya ulinzi, na gharama yake ni ujirani mwema.

Moto na bima

Yapo mambo mawili ambayo watu huyakumbuka wakiwa wamechelewa.

Moja ni moto. Mlango unaomzuia mwizi kuingia unaweza kumzuia mtoto kutoka. Machi 2001 katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wanafunzi 67 walikufa bweni lao lilipochomwa moto. Madirisha yalikuwa na nondo na mmoja wa milango ulikuwa umefungwa. Wapo wafanyabiashara wanaolala ndani ya maduka na kujifungia kwa kufuli upande wa ndani, na zipo familia zinazofunga geti la sebuleni kwa kufuli kila usiku. Kama ndivyo mnavyofanya, ufunguo utundikwe mahali pamoja ambapo kila aliyemo ndani, pamoja na mtoto mwenye umri wa kujua, anaweza kuufikia gizani, lakini mkono wa mtu wa nje hauufikii. Hapa vitasa vya kielektroniki vilivyo vingi vina sifa njema: kwa ndani hufunguka kwa kuzungusha mpini tu. Hiyo ni sababu ya maana ya kukinunua kwa mlango wa nyumba yenye watoto na wazee, kuliko sababu ya kufungua kwa simu.

La pili ni bima. Bima ya wizi wa kuvunja kwa kawaida hutaka kuwepo dalili kwamba mwizi aliingia kwa nguvu. Mtu akipata namba yako ya siri akaingia na kutoka bila kuacha alama, unaweza kupata ubishi mkubwa na kampuni ya bima. Kabla ya kubadilisha kitasa, soma mkataba wako au muulize wakala wako, na jibu lake alitoe kwa maandishi.

Wito kwa mamlaka

Mnunuzi peke yake hawezi kupambana na soko lililojaa bidhaa zisizo na jina. Tangu Aprili 29, 2024, sheria ya Uingereza inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na mtandao vikiwa na namba ya siri ya kiwandani iliyo rahisi na inayofanana kwa vifaa vyote, na inamtaka mtengenezaji aseme wazi ataendelea kurekebisha kasoro za usalama hadi lini. Vitasa vya aina hii vimo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na wenzao wa KEBS wa Kenya hawana sababu ya kutodai hayo hayo kwa bidhaa zinazoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Na kwa makufuli ya kawaida, pakiti iseme daraja lake, na maelekezo yawe kwa Kiswahili. Mkulima akinunua mbegu anasoma lebo. Kwa nini kufuli linalolinda mavuno ya mbegu hiyo lisiwe na lebo?

Wakati tunasubiri, mwenye mali ajipange kwa utaratibu huu. Kwanza fremu, bawaba, komeo na madirisha. Pili kufuli la kawaida lililopita majaribio ya sumaku, tupa na funguo. Tatu taa na mapatano na majirani. Nne, kama una wahudumu au wageni wanaobadilika mara kwa mara, nunua kitasa cha namba chenye ufunguo wa dharura, kutoka kwa muuzaji mwenye duka linalojulikana, anayetoa risiti na dhamana. Siku hiyo hiyo badilisha namba ya kiwandani, na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Futa namba ya kila anayeondoka kabla hajalipwa mshahara wake wa mwisho. Na lile kufuli la zamani usilitupe, endelea kulifunga nje usiku baada ya kufunga duka.

Msimu wa kuuza unapokaribia ndipo wezi nao huanza kuhesabu maghala. Kabla ya kuuliza bei ya kitasa, piga mlango wako teke moja la nguvu mchana kweupe, fremu ikitikisika utakuwa umejua fedha yako ianzie wapi.